Wikiendi ya Cinque Terre kwa mwanafunzi anayesoma Italia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila muhula mpya ukianza, wanafunzi wanaofika Italia kutoka kwetu huniuliza mambo yale yale mawili. La kwanza ni kibali cha kuishi. La pili ni hili: wikiendi twende wapi tukapande milima na kuoga baharini bila kumaliza posho ya mwezi? Swali la pili ndilo ninalolipenda. Jibu langu siku zote ni Cinque Terre, vijiji vitano vilivyong'ang'ania majabali ya pwani ya Liguria, kaskazini-magharibi mwa Italia. Nimekwenda huko mara saba, peke yangu na pamoja na wenzangu, wakati wa joto na wakati wa mvua. Haya ndiyo ninayoulizwa zaidi.

Cinque Terre ni nini hasa?

Jina maana yake ni "nchi tano". Ukitoka kaskazini kwenda kusini unakutana na Monterosso al Mare, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore. Vinne vimeshuka hadi kwenye maji. Corniglia peke yake imekaa juu ya jabali, kama mita 100 kutoka usawa wa bahari. Mwaka 1997 UNESCO iliiingiza pwani hii katika Urithi wa Dunia, pamoja na mji wa Portovenere na visiwa vya Palmaria, Tino na Tinetto. Mwaka 1999 ikawa hifadhi ya taifa.

Ukisikia hifadhi ya taifa usitarajie wanyama. Kinachohifadhiwa hapa ni mashamba. Kwa karne nyingi watu walikata miteremko hii ikawa matuta ya ngazi, wakaizuia kwa kuta za mawe, wakapanda mizabibu na mizeituni. Njia utakazopita ni njia zao za kwendea shambani. Ukilijua hilo tangu mwanzo, mengi ya maswali yanayofuata yatakuwa mepesi.

Siku mbili zinatosha kuviona vijiji vyote vitano?

Kuviona, ndiyo. Treni inavipitia vyote, na kati ya kijiji na kijiji ni dakika chache tu. Lakini nakuomba usifanye hivyo. Nimeona wanafunzi wengi wakishuka kwenye treni, wakipiga picha mbili, wakirudi stesheni mbio kusubiri treni nyingine katikati ya msongamano. Jioni ukiwauliza waliona nini, wanakutajia stesheni.

Siku mbili zinatosha kwa njia mbili nzuri za miguu, fukwe mbili, na vijiji vitatu ulivyokaa ndani yake hadi ukajua kengele ya kanisa inagonga vipi. Utaratibu wangu ni mmoja na sijaona sababu ya kuubadilisha: asubuhi mlima, mchana bahari. Ifikapo saa 1 asubuhi niko njiani tayari. Ikifika saa 5, jua linapoanza kuuma na makundi ya watalii yanapomiminika kutoka kwenye treni, mimi nateremka kwenda kuoga.

Nifikeje huko?

Kwa treni. Usikodi gari, barabara ni nyembamba, zina kona nyingi, na maegesho ni haba na ghali. Malango ya Cinque Terre ni mawili: La Spezia upande wa kusini na Levanto upande wa kaskazini. Kutoka Pisa hadi La Spezia ni kama saa moja. Kutoka Firenze ni saa mbili au mbili na nusu, mara nyingi kwa kubadilisha treni Pisa. Wanaotoka Genova hufika Levanto kwa saa moja au moja na nusu. Kutoka Milano, hesabu kama saa tatu.

Kati ya La Spezia na Levanto kuna treni maalumu inayoitwa Cinque Terre Express, inayosimama katika kila kijiji. Msimu wa watalii hupita mara kwa mara, lakini majira ya baridi hupungua, kwa hiyo angalia ratiba.

Jambo moja kwa sisi tuliozoea kuhesabu saa kwa Kiswahili: ratiba zao zinatumia saa 24. Treni ya 15:10 ni ya saa tisa na dakika kumi mchana. Treni ya 19:05 ni ya saa moja na dakika tano usiku. Wiki ya kwanza kila mtu anadhani hawezi kukosea, halafu anakosea.

Nikate tiketi mapema ili iwe rahisi?

Treni za mkoa hazipandi bei kwa sababu umechelewa kukata. Nauli inafuata umbali, iwe umenunua wiki iliyopita au dakika tano kabla ya safari. Ni zile za mwendo wa kasi na za masafa marefu ndizo zinazofaa kuwahiwa. Cinque Terre Express ina bei zake zenyewe, na hizo hupanda siku za msimu wa juu.

La muhimu kuliko bei ni kugonga tiketi. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa lazima uiingize kwenye kimashine kilichopo jukwaani kabla ya kupanda, ipigwe tarehe na saa. Ukiwa na tiketi ya kwenye simu, unaithibitisha humo humo kwenye simu kabla ya treni kuondoka. Tiketi uliyolipia lakini hukuigonga ni kama huna, na faini inakuja palepale. Mgeni na mwenyeji wanatozwa sawa. Kusema "sikujua" hakusaidii.

Tazama pia kama kuna mgomo. Neno la kulijua ni *sciopero*. Migomo ya treni hutangazwa siku kadhaa kabla, na mingi huangukia Ijumaa, yaani siku ile ile unayotaka kuondoka. Siku za kazi kuna muda uliolindwa ambapo baadhi ya treni za mkoa hutembea hata kukiwa na mgomo: saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 12 hadi saa 3 usiku. Mgomo ukiangukia Jumapili, ulinzi huo haupo.

Kibali changu cha kuishi hakijatoka. Naruhusiwa kusafiri?

Ndani ya Italia, ndiyo, bila wasiwasi. Na hii ni sababu mojawapo ninayowaelekeza wageni Cinque Terre badala ya kukimbilia Ufaransa au Uhispania wikiendi ya kwanza. Mwanafunzi mwenye viza ya muda mrefu anatakiwa kuomba *permesso di soggiorno* ndani ya siku 8 za kazi tangu kuingia nchini, kwa fomu inayopelekwa posta. Unapewa risiti, halafu unasubiri, na kusubiri kunaweza kuchukua miezi. Viza yako ikiwa bado hai unaweza kwenda nchi nyingine za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, kwa siku 90 ndani ya kila siku 180. Viza ikishaisha ukabaki na risiti peke yake, risiti hiyo ni ya Italia tu. Usivuke nayo mpaka ukitegemea kwamba watakuelewa.

Chukua pasipoti yenyewe pamoja na risiti ya posta. Kila hoteli na hosteli Italia inalazimika kuwaandikisha wageni wake kwa polisi, kwa hiyo watakuomba hati mapokezi. Mimi mwenyewe nimeombwa hati mara mbili nikiwa ndani ya treni. Nilitoa, wakatazama, wakanirudishia, safari ikaendelea. Picha ya pasipoti kwenye simu haikufikishi mbali.

Nilale wapi?

La Spezia au Levanto. Vijiji vyenyewe vina vyumba vichache, na vichache hivyo hukamatwa mapema na watu wenye uwezo. La Spezia ni mji wa bandari wenye maduka ya kawaida, watu wa kawaida na bei zinazovumilika, na kutoka hapo hadi Riomaggiore ni kama dakika kumi. Levanto ni mdogo na mtulivu, tena una ufukwe wake mkubwa wa mchanga. Nikienda kwa ajili ya bahari nalala Levanto. Nikienda na kundi kubwa lenye mfuko mwembamba tunalala La Spezia.

Kodi ya utalii hulipwa kwa kila mtu kwa kila usiku, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona ulipokuwa unaweka nafasi. Na usipange kulala kwenye hema mlimani. Ni marufuku ndani ya hifadhi.

Nianze na njia ipi ya miguu?

Inayojulikana zaidi inaitwa Sentiero Azzurro, njia ya buluu, ile inayofuata pwani. Kuna wanaodhani ukianza upande mmoja unatembea moja kwa moja hadi kijiji cha mwisho. Zamani ilikuwa hivyo. Siku hizi sivyo, kwa hiyo nitaichambua kipande kwa kipande.

*Monterosso hadi Vernazza.* Kama kilomita tatu na nusu, saa mbili. Ndicho kipande kigumu zaidi cha njia ya buluu na ndicho ninachokipenda. Kinaanza kwa ngazi za mawe zisizokwisha, kando ya malimau, na mahali pengine njia ni nyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana mmoja anajibana ukutani. Unapoanza kuteremka, Vernazza inajitokeza chini yako ghafla, na ghuba yake ndogo na mnara wake. Hapo kila mtu anasimama. Siku za sikukuu wanapojaa watu, hifadhi huruhusu wapitaji wa upande mmoja tu kwa saa kadhaa, kutoka Monterosso kwenda Vernazza. Kwa hiyo anzia Monterosso, hutakosea.

*Vernazza hadi Corniglia.* Saa moja na nusu. Unapanda hadi kitongoji cha Prevo, kama mita 200 juu ya bahari, kisha unateremka polepole kati ya mizeituni. Kina kivuli kuliko kile cha kwanza. Ukiwa na asubuhi moja tu, unganisha hivi viwili, ukale Corniglia.

*Corniglia hadi Manarola.* Kipande cha pwani kimefungwa kwa miaka mingi kwa sababu ya maporomoko. Usiruke uzio, hata ukiona wengine wameruka. Njia iliyopo inapitia juu, kijiji cha Volastra, zaidi ya mita 300 kutoka baharini. Inachukua saa mbili na nusu hadi tatu, hailipiwi, na kwa maoni yangu ndiyo nzuri kuliko zote. Unatembea ndani ya mashamba ya mizabibu yenyewe, kwenye ukingo wa tuta, bahari yote ikiwa chini yako upande wa kulia. Kumbuka tu kwamba kutoka Volastra hadi Manarola ni ngazi za kuteremka mfululizo, na magoti yatakueleza.

*Manarola hadi Riomaggiore.* Hii ndiyo Via dell'Amore, Njia ya Mapenzi, kilomita moja hivi, tambarare, iliyochongwa kwenye jabali. Septemba 2012 mawe yaliporomoka na kujeruhi watalii, ikafungwa. Ilichukua karibu miaka 12 hadi ikafunguliwa tena mwaka 2024. Kuingia kunahitaji kuweka nafasi ya muda maalumu na kulipa nyongeza. Ni nzuri, lakini mwanafunzi mwenye miguu yake na fedha za kuhesabu asijilaumu akiikosa.

Nje ya vijiji vitano kuna njia moja ambayo wageni wengi hawaijui: Levanto hadi Monterosso kupitia rasi ya Punta Mesco. Hesabu saa mbili na nusu au tatu. Ni ya bure. Pale juu kuna magofu ya makao ya watawa ya Sant'Antonio, na ukisimama hapo siku isiyo na ukungu unaona vijiji vyote vitano vimejipanga ufukweni, kimoja nyuma ya kingine. Ukifika Monterosso miguu inawaka na mchanga uko mbele yako. Ndiyo siku ninayomshauri mtu mwenye siku moja tu.

Njia zinalipiwa?

Vipande viwili, Monterosso–Vernazza na Vernazza–Corniglia, vinahitaji kadi ya hifadhi. Kadi ziko za aina mbili: ya kutembea tu, na ya kutembea pamoja na treni zisizo na kikomo kati ya Levanto na La Spezia. Bei hubadilika kufuatana na msimu. Hesabu yangu ni rahisi: siku ya kupanda treni mara tatu au zaidi, nachukua ya treni. Siku ya kutembea kwa miguu, nachukua ile ndogo. Kadi zote zinakupa pia kile kibasi kidogo kinachopanda kutoka stesheni ya Corniglia hadi kijijini.

Kibasi hicho nakitaja kwa makusudi. Stesheni ya Corniglia iko chini karibu na maji, na kijiji kiko juu. Kati yake kuna ngazi ya matofali inayoitwa Lardarina, yenye vipandio 382, inayokwenda kushoto, kulia, kushoto, kulia, hadi unaacha kuhesabu. Mara ya kwanza niliipanda saa nane mchana mwezi Julai na begi zima mgongoni. Kwenye mkunjo mmoja nilimkuta mama wa makamo ameketi, mfuko wa mboga umelala pembeni yake, anapumzika. Alinisogezea nafasi nami nikaketi. Tulitazama bahari bila kusema kitu, kisha akanyanyuka, akachukua mboga zake, akaniacha pale pale nimekaa. Yeye anaipanda kila siku ya soko.

Raba za kawaida zinafaa?

Zinafaa kama soli yake ina meno. Kandambili, ndala na viatu vya soli laini havifai, na si suala la ushauri tu: mwaka 2019 hifadhi ilitangaza faini ya kuanzia Yuro 50 hadi Yuro 2,500 kwa anayeingia njiani na viatu visivyofaa. Mwenzangu mmoja alikuja na viatu vyepesi vya kitambaa. Mawe yale yamesuguliwa na miguu ya watu kwa miaka mingi hadi yanang'aa, na umande wa asubuhi unayafanya kama sabuni. Aliteleza karibu na Vernazza, akafikia kiganja. Hakuvunjika, lakini wiki mbili aliandika mitihani kwa tabu.

Ndala zako ziweke ndani ya begi, zitakufaa ufukweni.

Ufukwe upi ni mzuri kwa mwanafunzi?

Hapa inabidi tuelewane kwanza. Italia ina fukwe za aina mbili. Kuna zile zilizokodishwa, zenye miavuli na vitanda vilivyopangwa kwa mistari, ambazo unalipia siku nzima au nusu siku. Na kuna *spiaggia libera*, ufukwe huru, ambapo unatandika kanga yako na kukaa. Kwenye mabango tafuta neno *libera*. Zote mbili huwa zimepakana, na mstari wa mawimbi wenyewe ni wa watu wote, kwa hiyo kupita ukingoni mwa maji hakuna anayeweza kukuzuia.

Monterosso ndiyo yenye ufukwe halisi wa mchanga, eneo la Fegina, mbele ya stesheni kabisa. Sehemu kubwa imekodishwa, lakini vipande huru vipo. Ukifika kabla ya saa 4 asubuhi unapata. Mwishoni mwa ufukwe kuna sanamu kubwa ya Neptuno, mungu wa bahari wa Warumi, yenye urefu wa mita 14, iliyopoteza mikono. Wenyeji wanaiita tu *il Gigante*, jitu.

Vernazza ina kijiufukwe kidogo bandarini, kinawafaa wazazi na watoto. Manarola haina mchanga: watu wanaoga kwenye maji ya kina kati ya miamba na wanashuka kwa ngazi ya chuma. Ni pa wanaojua kuogelea tu. Riomaggiore ina ufukwe wa mawe, na mawe hayo mwezi Agosti yanaunguza.

Levanto ndiyo siri yangu, ingawa kuiandika hapa ni kuitoa. Mchanga ni mpana, nafasi ipo, na kuna kitu kingine: njia ya zamani ya reli imegeuzwa njia ya baiskeli na miguu, inapita ndani ya mahandaki kandokando ya bahari hadi Bonassola na Framura. Ni tambarare kabisa. Kila unapotoka kwenye handaki unakutana na dirisha la mwanga na ghuba ndogo chini. Jumapili, miguu ikiwa imechoka na milima, kodi baiskeli Levanto, nenda Bonassola, oga, rudi.

Bahari hii inafanana na ya kwetu?

La hasha, na wenzetu wa pwani ndio wanaoshangaa zaidi. Kwanza, maji hayapwi wala hayajai kwa kiasi cha kuonekana. Zanzibar wakati wa bamvua tofauti ya maji kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Huku haifiki hata nusu mita. Hakuna kusubiri maji yajae ndipo uoge, na hakuna kutembea kwenye mchanga mtupu hadi kwenye mwamba.

Kinachoamua hapa ni upepo. Ukivuma kutoka kusini-magharibi, wenyewe wanauita *libeccio*, mawimbi hupanda haraka na kupiga hadi kwenye vijia vya bandarini. Siku hiyo boti za abiria hazitembei, na wewe usikae kwenye mwamba wa chini ukipiga picha.

Pili, baridi. Mwezi Mei maji huwa nyuzi 17 au 18, na mwili uliozoea Bahari ya Hindi utagoma. Juni inavumilika. Agosti ni kama nyuzi 25. Hadi mwanzoni mwa Oktoba bado unaweza kuoga vizuri. Kwa hiyo nikiulizwa mwezi mmoja, nasema Septemba, baada ya wiki ya pili: watalii wamepungua, bahari bado ina joto la Agosti, na zabibu zinavunwa. Epuka siku zinazozunguka tarehe 15 Agosti, sikukuu yao ya Ferragosto. Italia nzima iko ufukweni.

Jihadhari pia na yavuyavu, wale viumbe laini kama ute wanaowasha, na wale weusi wenye miiba mirefu wanaoshika miamba chini ya maji. Viatu vya mpira vya kuogea si ghali, na vinakuepusha na kuchomolewa miiba unyayoni jioni nzima.

Sijui kuogelea. Nitafanya nini huko?

Utaoga. Kujua kuogelea na kuoga ni vitu viwili. Baki Monterosso au Levanto, kwenye mchanga, karibu na mlinzi wa waogeleaji, na usivuke kiuno. Bendera nyekundu ikipandishwa, usiingie hata kama wengine wanaingia. Ufukwe huru mara nyingine hauna mlinzi, kwa hiyo kaa ule upande uliopakana na ufukwe wa kulipia, ambako yupo.

Na tafadhali usikubali kushawishiwa kuruka kutoka kwenye mwamba wa Manarola. Aibu mbele ya wenzako ni ya dakika moja tu.

Mvua ikitabiriwa, niahirishe?

Manyunyu ya nusu saa, hapana. Tahadhari rasmi, ndiyo, na wala usijadiliane nayo. Mkoa wa Liguria hutoa tahadhari za hali ya hewa kwa rangi: kijani, njano, chungwa, nyekundu. Ikifika chungwa au nyekundu njia za miguu hufungwa.

Wenyeji hawalichukulii hilo kwa mzaha, na wana sababu. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua ilishuka kwa saa chache ikabeba vilima. Tope na mawe viliteremka katika barabara kuu za Monterosso na Vernazza, zikafukiwa hadi orofa za chini za nyumba. Watu walikufa. Vernazza, mto wake umefunikwa na unapita chini ya barabara ile ile unayotembea ukila aiskrimu; siku ile uliirudia njia yake ya juu. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya kuangalia zaidi.

Ukinaswa na mvua njiani, usipite kwenye korongo. Rudi kijiji kilicho karibu na upande treni.

Chakula je? Mimi ni Mwislamu.

Utakula vizuri na kwa bei nafuu. Ulizia *farinata*: unga wa dengu, maji, mafuta ya zeituni na chumvi, umeokwa kwenye sinia pana la shaba hadi juu ukakauka na chini ukabaki laini. Kipande cha moto mkononi, na umeshiba. *Focaccia* ni mkate wa mafuta ya zeituni, lakini baadhi ya mikate Italia huchanganywa mafuta ya nguruwe, hivyo uliza: *c'è strutto?* Wakisema *no*, kula. Monterosso inasifika kwa *acciughe*, samaki wadogo wa familia ya dagaa, wanaolazwa kwenye chumvi au kukaangwa. Kwa kijana aliyelelewa kwa dagaa na ugali, huyo ni ndugu aliyekulia ng'ambo.

Mchuzi wa *pesto* ni wa mkoa huu huu: rehani, kitunguu saumu, mbegu za msonobari, jibini na mafuta ya zeituni. Hauna nyama.

Maji usinunue kila kijiji. Kuna mabomba ya maji ya kunywa. Beba chupa, ujaze kila unapopita. Anza njia yoyote ukiwa na lita moja na nusu, kwa kuwa katikati ya vijiji huna uhakika wa kuipata nyingine.

Kwa nini unasisitiza sana tusikanyage kuta?

Kwa sababu nimeona zinavyojengwa. Safari yangu ya tatu, juu ya Manarola, nilimkuta mzee amepiga magoti mbele ya ukuta uliobomoka upana wa mlango. Alikuwa na nyundo ndogo na lundo la mawe aliyoyapanga chini kwa ukubwa. Anachukua jiwe, analigeuza mara tatu mkononi, analijaribu, analitoa, analigonga kona, analirudisha. Halitikisiki. Hakuna saruji. Nilimwuliza kwa Kiitaliano changu cha darasani kwa nini hatumii saruji ili amalize haraka. Akaniambia maji ya mvua lazima yapite katikati ya mawe. Ukiyaziba, ukuta unavimba tumbo. Alishika tumbo lake kunionyesha. Kisha siku moja unapasuka, na tuta la juu linaangukia la chini, na la chini linaangukia lingine.

Katika saa nzima niliyokaa hapo alijenga pengine nusu mita. Mwaka 2018 UNESCO iliutambua ufundi huu wa kujenga kwa mawe makavu, kwa Italia na nchi nyingine saba za Ulaya. Pwani hii ina maelfu ya kilomita za kuta hizo, na vijana wa kuzitunza wamebaki wachache. Mtu anayepanda ukutani ili apate picha analegeza jiwe moja. Zile reli nyembamba za chuma utakazoziona zikipanda mteremko nazo ni za kazi: vigari vyake hubebea zabibu wakati wa mavuno. Si za kukalia.

Nikiumia njiani nifanye nini?

Piga 112. Ni bure, na wanaweza kukuunganisha na kikosi cha uokoaji wa milimani. Kila kipande cha njia kina namba na alama nyekundu na nyeupe; unapopita alama yenye namba, ikumbuke, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza watakachokuuliza. Simu iwe na chaji. Beba kadi yako ya bima ya afya, iwe ya taifa au ile uliyonunua wakati wa viza.

Jumapili niondoke saa ngapi?

Mapema kuliko unavyopenda. Jumapili jioni treni za kurudi hujaa kuanzia saa 11, watu wanasimama hadi mlangoni, na wanaopanda Vernazza au Manarola mara nyingine wanaachwa jukwaani kusubiri nyingine. Ukikosa ile ya La Spezia, unakosa na ya Pisa au Firenze iliyokuwa inakusubiri. Mimi hutoka majini saa 8 mchana, najimwagia maji baridi kwenye bomba la ufukweni, nanunua kipande cha farinata cha njiani, na saa 9 niko kwenye treni upande wa kulia, upande wa bahari. Baada ya kila handaki bahari inaonekana kwa sekunde mbili au tatu, kisha giza, kisha bahari tena, hadi La Spezia.